Unga wa Mhandisi na Kondoo wa Nabawiya

Mama mkubwa wangu Nabawiya hakuwahi kununua mkate. Hapa kijijini kwetu, upande wa Rahmaniya, wengi siku hizi tunapanga foleni kwenye tanuri la serikali na kurudi na mikate imebanana kwenye mfuko wa plastiki, na mimi ni mmoja wao. Yeye aliita mikate ile makaratasi. Alisema mtu akifa amekula makaratasi hayo, malaika watamrudisha akale kwanza. Kila Alhamisi alikanda mwenyewe, akaoka kwenye tanuri lake la udongo lililokuwa limeegemea ukuta wa zizi, na harufu ilipotoka mtaa mzima ulipata shughuli ya kupita mlangoni kwake.

Maji ya hamira aliyapima kwa kiwiko. Alikunja mkono wa gauni, akachovya kiwiko kwenye bakuli, akatulia kidogo, kisha ama anakubali ama anakasirika. Siku moja mke wa mtoto wa Haji Metwalli, msichana wa mjini aliyetaka kusaidia, aliimiminia hamira maji ya moto kutoka birikani moja kwa moja. Nabawiya alipiga kelele kama mtoto ameanguka kisimani. "Umeiua! Ungemwogesha mwanao kwa maji haya? Hee? Ungemwogesha?" Msichana alilia, sisi tukacheka, na tukaendelea kucheka mwaka mzima. Ndivyo tulivyo, hatuna huruma tunapokuwa wengi.

Mkate ulikuwa sifa yake, lakini kondoo ndio waliokuwa maisha yake. Alipoolewa, bibi yangu alimpa kondoo jike mmoja, mwekundu wa udongo, mwenye masikio madogo na mkia mzito wa mafuta. Kondoo wote waliokuwa zizini mpaka mwisho walikuwa kizazi cha jike yule. Alizungumza nao kama mtu anavyozungumza na mawifi, nusu kwa mapenzi na nusu kwa matusi. Mumewe, mzee Abdel-Samad, alikuwa mtu wa maneno machache, na nadhani mazungumzo mengi ya nyumba ile yalifanyika zizini.

Mzee alipofariki hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha binti mmoja, Samiha, aliyeolewa Mahalla. Kwetu mtu akifa bila mtoto wa kiume, ndugu yake anakuwa na fungu katika kila kitu, na mwenye fungu dogo akiwa mwanamume, sauti yake inakuwa kubwa kuliko fungu lake. Ndugu huyo ndiye Haji Metwalli. Sitamsingizia, hakuwa mwizi. Alikuwa na mtoto mwingine wa kiume aliyekuwa amechumbia, na wakwe hawakubali kumtoa binti kabla hawajaona kuta za nyumba. Uwanja wa zizi la Nabawiya ulikuwa mahali pazuri pa kuta.

Alianza na shamba. Mahali ambapo miaka yote tulipanda bersimu, majani mabichi ya mifugo ya msimu wa baridi, yeye akapanda bitiruti za sukari kwa ajili ya kiwanda. Kondoo wa Nabawiya wakabaki na majani makavu ya mpunga, mabua ya mahindi na pumba. Kisha akaja kunywa chai. Nilikuwepo, nachambua mchele.

"Shemeji," alisema, "kondoo hawa wanakula kuliko wanavyorudisha."

"Wanakula chakula cha nani, Haji? Chako?"

"Cha shamba la marehemu, na kwenye shamba la marehemu nina fungu. Sikiliza, nisiwe mtu mbaya. Wanakondoo hawa wakifika Idi Kubwa wana mwili wa kuchinjwa kihalali, mchuuzi akawachukua bila kununa, basi zizi ni lako mpaka Mungu akuite, na mwanangu nitamjengea juu ya nyumba yangu. Wakifika Idi ni paka, tunauza wote, mama na watoto, na zizi navunja. Samiha anakusubiri Mahalla."

"Samiha anakaa ghorofa ya nne."

"Kuna ngazi."

Alikunywa chai yake yote, akashukuru, akaondoka. Nabawiya alikusanya vikombe. "Maji ya moto hayachomi nyumba," aliniambia. "Mwache atishe." Lakini kikombe kimoja kilimponyoka mkononi, naye hakuwa mtu wa kuvunja vyombo.

Basi mapatano yakawa hayo. Wanakondoo saba waliozaliwa mwanzoni mwa baridi, wakiachishwa ziwa mapema kwa sababu mama zao hawana maziwa, na kati yao na Idi kuna miezi michache na rundo la majani ya mpunga. Mwanakondoo wa umri huo hukubaliwa kuchinjwa akiwa amenona kiasi kwamba ukimchanganya na wa mwaka mmoja humtambui. Aliyekonda hafai. Majani ya mpunga ni chakula cha kumfanya mnyama asife tu, na kila mtu kijijini anajua hilo.

Hapo ndipo mhandisi alipoingia. Kwetu kila aliyesomea kilimo huitwa mhandisi, hata kama hajui kupigilia msumari. Huyu aliitwa Rifaat, kijana wa Damanhur, anazungukia vijiji kwa pikipiki akiuza vyakula vya mifugo vya duka moja la huko. Alisimama uani kwa Sobhi, jirani wa ng'ambo ya mfereji, na watu tukajaa. Alifungua mfuko wa unga wa rangi ya hudhurungi, unanuka kama ghala la nafaka.

"Majani ya mpunga yana chakula ndani," alisema, "ila kimefungwa. Tumbo la mwanakondoo mdogo halina nguvu ya kukifungua. Unga huu una vimeng'enya. Vinayavunja majani kidogo kidogo, na tumboni vinaendelea kusaidia. Mnalainisha majani kwa maji, mnanyunyiza unga, mnachanganya na pumba, mnafunika mpaka kesho yake. Kijiko hiki kinatosha."

"Mke wangu akila huu atapunguza maneno?" aliuliza Sobhi, sigara mdomoni.

"Mkeo hahitaji unga," alisema Nabawiya. "Anahitaji mume."

Tulicheka mpaka mhandisi mwenyewe akashika tumbo. Sobhi alikuwa mvivu wa kutajwa, mtu wa kukaa mkahawani akicheza dhumna huku mkewe akikamua nyati. Hata yeye alicheka.

"Ni dawa?" aliuliza Nabawiya watu walipopungua.

"Si dawa, mama. Ni kitu cha kukisaidia chakula kiwe chakula."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Alirudi nyumbani akiyarudia njia nzima, amekumbatia mifuko miwili kifuani. Sobhi naye alichukua miwili. Sikuwahi kumwona mama mkubwa akitembea vile tangu mzee afariki, mabega yamenyooka. Nilifurahi, nasema kweli.

Sasa nieleze alivyoutumia, ingawa haya nilikuja kuyajua baadaye kabisa. Katika nyumba ile hakuna tumbo lililolishwa kitu cha baridi. Mama mkwe wake alikuwa amemfundisha hivyo siku ya kwanza ya ndoa: chakula kibichi kinatia baridi tumboni, mnyama anayekula baridi haongezeki. Bata wa nyumba ile walisongewa vidonge vya pumba ya moto. Nyati aliyetoka kuzaa alikorogewa uji. Kwa hiyo Nabawiya aliposikia "lainisha kwa maji" alisikia kile ambacho mwanamke yeyote wa rika lake angesikia. Akatoa sufuria kubwa ya shaba, ile ya kupikia watu wa matanga, akaweka majani yaliyokatwa, pumba, maharage yaliyopasuka, chumvi, na kijiko cha unga wa mhandisi. Akawasha moto chini. Vikachemka pamoja mpaka mvuke ukapita juu ya ukuta.

Sisi tuliuona mvuke. Tulijua anapika. Lini hakupika?

Hakuna aliyeingia kuona anachopika kwa sababu mlango wa zizi ulifungwa. Wanakondoo wanaotarajiwa kunenepa hawaonyeshwi watu. Jicho la husuda lipo, na jicho limeua nyati wa watu wenye nyumba za matofali, seuze mwanakondoo wa mjane. Nabawiya alining'iniza shanga ya buluu mlangoni, na kiatu kikuukuu cha mtoto, na kiganja cha udongo mkavu. Alilisha kabla watu hawajatoka na baada ya watu kuingia ndani. Ukimuuliza habari za mifugo yake alijibu kama tunavyojibu sote. Kwetu fahali la kuvunja mlango linaitwa "mbwa huyu." Mbuzi wa maziwa tele "anakaribia kufa." Mtu akikwambia mifugo yake mizima, jua amekwisha kuuza.

Baridi ikapungua, na wanakondoo hawakuongezeka kitu. Walikula. Walicheua kidogo, wakasimama, wakamtazama. Migongo yao ilikuwa na ncha kama paa la banda, na mikia, ile mikia mizito ya kizazi chao, ilining'inia kama mifuko mitupu. Hapo Nabawiya alianza kuogopa. Akafikiri labda unga haujaiva. Akaongeza kuni.

Mhandisi Rifaat alirudi mara moja katikati ya msimu. Nilikuwa kwenye kizingiti changu ng'ambo ya njia, nikawasikia. Nabawiya alimpokea nje na sinia ya chai, mlango wa zizi umefungwa nyuma yake.

"Vipi wanakondoo, mama?"

"Wabaya. Hawakui. Ngozi na mifupa."

Kijana akacheka kwa moyo wake wote. "Alhamdulillahi! Basi wamenona!"

"Nakwambia hawakui, mwanangu."

"Mama, mimi nimelelewa kijijini. Bibi yangu alikuwa na nyati asiyepita mlangoni kwa unene, akimwita mgonjwa mpaka siku alipouzwa. Usihofu, siombi kuingia. Jicho langu jepesi, lakini siombi."

"Lakini..."

"Mungu akubarikie riziki yako." Akanywa chai, akapiga teke pikipiki, akaenda.

Nabawiya alibaki na sinia mkononi. Aliniambia baadaye kwamba mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka kumshika shati, amvute ndani aone. Akaogopa. Jicho la mgeni juu ya wanyama walio dhaifu, si ndiyo kuwamaliza? Basi akamwacha aende. Nikifikiria mambo haya, hapo ndipo ninapokasirika zaidi, na sijui nimkasirikie nani. Alisema ukweli mtupu kwa mtu pekee aliyeweza kumsaidia, na ukweli ule ulikuwa na maneno yale yale ya uongo tunaousema sote kila siku.

Hata wanawake mferejini hawakumwamini. "Hawakui," alisema, akisugua sufuria. Wao wakakonyezana. "Mama Samiha anafuga mafahali humo," walisema, "mnaona anavyofunga mlango?" Kadiri alivyolalamika ndivyo sifa za wanakondoo wake zilivyovuma, mpaka mchuuzi wa Idi akatuma salamu kwamba asimsahau.

Siku moja alikuja kwangu amefunika kitu kwa shuka. Akafunga yeye mwenyewe mlango wangu kabla hajafunua. Alikuwa mwanakondoo. Nilimpokea mikononi, nikamwona ni mwepesi kuliko paka wangu, au niseme hivyo ndivyo ilivyonijia. Alilamba kidole changu.

"Umeona?" alisema. "Wewe umeona?"

"Nimeona, mama mkubwa."

"Basi nifanyeje, Ikram? Unga nawapa. Nimezidisha. Nawapikia kama napikia wagonjwa. Nifanye nini ambacho sijafanya?"

Mimi ni mshona nguo. Najua vitambaa. Tulifanya tulichojua. Tulichoma ubani mpaka kuku wakakohoa. Tulileta maji yaliyosomewa kutoka kwa sheikh, akayatia nayo sufuriani. Alipasua yai kwenye kona ya zizi akitaja majina ya wenye macho mazito, na la Sobhi lilikuwa la kwanza.

Kwa maana wa Sobhi walinona. Sobhi naye aliimba wimbo ule ule, "wagonjwa, wagonjwa," lakini mwanakondoo wake mmoja alichomoka njiani mchana wa Ijumaa watu wakitoka msikitini, akakimbia katikati ya kanzu za watu, na mtaa mzima ukaona mkia ukipiga huku na huku kwa uzito. Watu walisema mashallah kwa haraka, kwa woga. Nabawiya alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alimtazama mnyama yule mpaka alipokamatwa, kisha akaingia ndani akakaa chini, na nilipomfuata hakutaka maji wala maneno.

"Unga ule ule," alisema mwishowe. "Siku ile ile. Yule mvivu."

Yule mvivu, ili nisiache jambo, alikuwa akiyamwagia majani maji ya bomba kwa mpira jioni, anatupa kijiko cha unga, anafunika gunia na kwenda kwenye dhumna yake. Asubuhi mkewe anafunua na kuwapa. Ndiyo kazi yake yote.

Wiki ya Idi ilipokaribia, Haji Metwalli alikuja na mchuuzi. Na kwa sababu Sobhi alikuwa amemwita mhandisi aje kuwapima wake, mhandisi akaandamana nao kwa heshima ya mama aliyempa chai. Mimi nilivuka njia nikasimama nao. Nabawiya alifungua mlango wa zizi. Sijui alikuwa anatarajia nini. Nadhani alikuwa amechoka kufunga.

Mchuuzi alitazama wanakondoo, akamtazama Haji, akatazama tena kama mtu anayetafuta wengine walikofichwa. Haji aliinama akamshika mmoja mgongoni kwa vidole, kisha mkia. Hakucheka. Ningependa kusema alicheka, ingenirahisishia kumchukia.

"Shemeji," alisema taratibu, "hawa ni paka."

Mhandisi Rifaat alikuwa amebadilika rangi. "Mama, kumbe ulikuwa unasema kweli?"

"Nilisema kwa lugha gani?" alijibu Nabawiya.

Sufuria ilikuwa juu ya moto, kwenye pembe ya zizi, inatokota. Kijana akaisogelea. Akafunua kifuniko, mvuke ukampiga usoni, akaona majani na pumba vikipinduka.

"Huu ndio mlo wao?"

"Ndio."

"Na unga? Unautia saa ngapi?"

"Mwanzoni. Uchemke na vingine, uive vizuri."

Alishusha kifuniko polepole. Nilimwona akitafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. "Mama," alisema, "vimeng'enya havichemshwi. Moto unaviua."

"Vinakufa? Vina roho?"

"Havina roho, lakini..." Akatazama huku na huku, akaliona tanuri, akashukuru kuliona, maskini. Hakujua anaongea na nani. "Mama, unapokanda mkate, hamira unaitia maji ya moto?"

Haji Metwalli aliinamisha kichwa. Alikumbuka, najua alikumbuka, maana aliyelia siku ile alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe. Mchuuzi akakohoa. Mwanakondoo mmoja alikuwa akitafuna ncha ya gauni la Nabawiya na yeye hakumsukuma.

"Hapana," alisema, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Hamira haitiwi maji ya moto."

"Basi ndivyo hivyo hivyo."

"Ndivyo hivyo hivyo," alirudia.

Kisha akageuka, na hapo ndipo nilipomwona mama mkubwa wangu akiomba, jambo ambalo sikudhani nitaliona. "Haji, nipe mpaka Idi ya mwakani. Sasa najua. Maji ya baridi tu. Umewaona wa Sobhi? Wangu ni damu bora kuliko wa Sobhi. Mwaka mmoja, Haji."

"Kosa ni langu," mhandisi aliingilia. "Haji, mimi sikumwambia. Nilidhani kila mtu anajua... na aliponiambia hawakui nikamcheka. Kosa ni langu."

"Kosa la nani haliwanenepeshi kondoo," alisema Haji Metwalli. Alikuwa anatazama ukuta wa zizi akisema hivyo. "Shemeji, wakwe wa kijana wamekuja kuona kiwanja. Fundi nimemwambia baada ya Idi. Tulipatana. Hatukupatana?"

"Tulipatana."

"Neno ni neno."

"Neno ni neno, Haji."

Sikuweza kunyamaza. Nilimwambia Haji kwamba mtu aliyehiji mara mbili angeweza kurudi na huruma ya mara moja. Nabawiya mwenyewe ndiye aliyenikemea. "Nyamaza, Ikram. Mkono ulioua ni wangu."

Mchuuzi aliwachukua wote pamoja na majike, wale waliokonda, kwa ajili ya bucha, si kwa ajili ya Idi. Jike mzee, yule mwekundu wa udongo kama bibi yao wa kwanza, alisimama kando ya tanuri kama alivyozoea kusimama kila Alhamisi kusubiri ganda la mkate, na ikabidi avutwe kwa kamba mbili. Mhandisi Rifaat alimletea Nabawiya mfuko wa unga bure siku iliyofuata. Sijui alidhani atautia wapi. Aliupokea, akamshukuru, akampa chai. Yule kijana aliinywa amesimama, na tangu hapo anauza unga wake kwa kuonyesha kwanza kwa mikono yake, beseni na maji baridi, nyumba hadi nyumba, na anaingia zizini watu wakitaka wasitake. Ni jambo zuri. Limechelewa.

Alhamisi ya mwisho Nabawiya aliniita nimsaidie kuoka mikate ya safari ya Mahalla. Samiha alikuwa amekwisha kufika, anafunga mabegi, anazungumza kwa sauti ya uchangamfu ambayo hakuna aliyemwomba. Zizi lilikuwa tupu, limefagiwa. Maana hata siku hiyo mama mkubwa alifagia. Aliweka unga wa ngano kwenye sinia, akafungua kipakiti cha hamira, akachanganya maji ya moto na ya baridi kwenye bakuli. Akakunja mkono wa gauni. Kisha, kiwiko wazi, akanisogezea bakuli.

"Pima wewe," alisema.

"Mimi? Mama mkubwa, mimi nanunua makaratasi."

"Pima, Ikram. Kiwiko changu sikiamini."

Nilichovya kiwiko. Maji yalikuwa sawa kabisa, ya kumwogeshea mtoto. Nilimwambia ni sawa, akaniuliza nina hakika, nikasema nina hakika, akaniambia nipime tena. Nikapima tena. Ndipo akamimina hamira, akakaa chini kuisubiri, hakuiondolea macho mpaka ilipotoa povu.

Mikate iliumuka vizuri. Aliiacha karibu yote kwangu.

Siku hizi ukuta wa nyumba ya mtoto wa Metwalli umefika kwenye madirisha, na tanuri limevunjwa, udongo wake umetumika kujazia msingi. Samiha ananipigia simu kutoka Mahalla. Ghorofa ya nne hakuna mahali pa kuokea, kwa hiyo mume wake huleta mikate ya serikali kila asubuhi akitoka kazini zamu ya usiku. Nilimuuliza kama mama yake anaitukana mikate hiyo. Alisema hapana, anaila tu.